Alamu ya gesi inayolia hata kwa pafyumu: tutibu sensa au tuongeze programu?

Chukua alamu ya gesi ya mtungi, zile zenye sensa (kile kijidude cha kunusa gesi) ya bei rahisi ya oksidi ya bati. Ukijipulizia pafyumu karibu nayo inalia, ukimwaga sanitaiza inalia, mwisho watu wa nyumbani wanachoka wanachomoa waya, na siku mpira wa gesi unavuja kweli usiku hakuna wa kuwaamsha. Ndo maana hili swala la sensa kushindwa kubagua gesi mi linaniuma.

Tangu mvumbuzi Taguchi alivyoanza nazo Japani mwaka 1962 kanuni ni ileile, hita inaipasha ile oksidi mpaka nyuzi 200 hadi 400 hivi, oksijeni ya hewani inagandia juu yake na kunyang'anya elektroni, ukinzani wa umeme unapanda, ikija gesi inayoungua inakula ile oksijeni, elektroni zinarudi, ukinzani unashuka. Sasa iwe butani, iwe mvuke wa pombe, sensa inachoona ni namba moja tu imeshuka.

Wapo wanaosema tibu sensa yenyewe. Weka metali ya paladi kidogo, au funika na chujio la mkaa linalonasa mvuke wa pombe kabla haujafika ndani. Au chezea joto: sensa ya MQ-7 ya kaboni monoksidi, hita yake inapewa volti 5 kwa sekunde 60, kisha 1.4 kwa sekunde 90, unasoma kwenye hiyo ya pili, sensa ikiwa imepoa. Inasaidia sana ila unapata jibu kila dakika 2 na nusu, kwa mtungi unaovuja huo ni muda mrefu mno. Na chujio nalo linajaa, tena linaichelewesha gesi kidogo.

Wengine wanasema weka sensa kadhaa tofauti, programu ijifunze mchanganyiko wa majibu yao, wazo ambalo watafiti Persaud na Dodd walilionyesha Uingereza mwaka 1982. Ni wazo zuri kweli, linatenganisha harufu ambazo sensa moja haiwezi kabisa. Lakini sensa zinabadilika na umri, unyevu unazisumbua, mvuke wa silikoni unaziua, na programu iliyofundishwa kwa gesi safi maabara ikikutana na vitunguu vinakaangwa huku mkaa unawaka inapotea, na inakupa jibu la uhakika wakati imekosea, hicho ndo kinanitisha.

Kwa alamu ya jikoni mi nasema chujio kwanza, programu baadaye. Hizo sensa nyingi ziende kwenye kukagua ubora wa chai au samaki, ambako kuna mtu wa kuzipima upya kila asubuhi kwa gesi inayojulikana.