Kuchora levo nje ya injini: raha ya edita, karaha ya kuingiza

Vijana wawili watatu wakikaa hapa Mombasa kutengeneza gemu, hii stori lazima ije: levo (ramani za kuchezea) tuzichore ndani ya injini, yaani programu ya kutengenezea na kuendesha gemu kama Godot ama Unity, moja kwa moja, au tuzichore kwa edita za nje kama Tiled, LDtk, TrenchBroom halafu tuziingize? Na wengi wanajibu haraka haraka kabla hawajauliza mchoraji ni nani, na kwangu hilo ndilo swali lenyewe.

Edita za nje kwanza. Tiled ni ya bure na ni nyepesi, laptopu ya mtumba ya RAM giga 4 yaifungua vizuri tu, wakati Unity kwenye mashine hiyo hiyo unaibonyeza unaenda kununua viazi karai unarudi bado yazunguka. Sasa mchoraji wako anavijua vichochoro vya Mji wa Kale kona kwa kona lakini habari za nodi (vipande vinavyojenga gemu ndani ya injini) na skripti (kodi) hataki hata kuzisikia, basi mpe Tiled na picha ya vigae, vile vipicha vya mraba vya kupanga, yuwachora kutoka Ndia Kuu mpaka Fort Jesus na hakuna anayemsumbua. LDtk nayo imetoka kwa Sébastien Bénard, mmoja wa waliotengeneza gemu ya Dead Cells, na yaonekana kabisa huyu mtu levo zimeshawahi kumtesa, maana unaweka sheria zako tu, kuta na kona zinajijaza zenyewe.

Halafu faili zenyewe ni maandishi matupu, TMX ya Tiled ni XML, LDtk ni JSON (zote ni namna za kupanga data kwa maandishi), TrenchBroom inatoa .map ya Quake, gemu ya 1996! Unity ilipotangaza ada ya kila instolesheni Septemba 2023 (mwaka uliofuata wakaifuta), mwenye levo zake kwa TMX alikuwa na kitu cha kuhama nacho kwenda injini nyingine.

Karaha sasa. Kigae ukikigeuza ndani ya Tiled, ule ugeuzaji unafichwa kwenye biti za juu za namba ya kigae, na ukijiandikia kisomaji chako bila kuzitoa hizo biti utaambiwa wataka kigae cha bilioni mbili na kitu. Tiled inahesabu Y (namba ya mahali juu-chini) kwenda chini, Unity kwenda juu, kwa hivyo mtaa wako unaweza kuingia kichwa chini miguu juu. Na kwa 3D, Quake juu ni Z, Godot juu ni Y. Plagini nzuri (programu-jalizi za kuingizia levo kwenye injini) zinayamaliza haya, sawa, lakini plagini nyingi zimeshikwa na mtu mmoja anayejitolea, na Godot ilipoleta TileMapLayer, nodi mpya ya kupanga vigae, kwenye toleo la 4.3 mwaka 2024, ile TileMap ya zamani ikawekwa kando, mwenye plagini inabidi akimbizane nayo.

Linaloumiza zaidi lakini ni kuingiza upya. Fundi wa kodi ameingia kwenye sini (levo ikishakuwa ndani ya injini) iliyotoka kwa Tiled, ameweka taa, sauti ya adhana, skripti ya muuza kahawa, kesho mchoraji anasogeza duka moja tu, faili inaingizwa tena na kazi yote ya fundi imekwenda. Dawa ipo: sini iliyoingizwa haiguswi, mchoraji anaweka nukta yenye jina na injini ndiyo inaleta kitu chenyewe wakati wa kucheza. Ila na hiyo ina wazimu wake, huyu anaandika "tuktuk" yule "tuk_tuk", kosa halionyeshwi, tuktuk haitokei tu na mnaanza kulaumiana.

Mimi naona hivi, kama uko peke yako na Godot, chora humo humo, edita ya nje inakuongezea safari tu na taa huzioni mpaka uingize. Mkiwa na mchoraji wa kando, au mashine zenu ni dhaifu, tokeni nje, lakini njia iwe moja: edita kwenda injini, kurudi hakuna.

Kwa 3D mambo yabadilika kidogo. Kuta nene za Fort Jesus na pembe zake kali TrenchBroom yaziweza sana, kwa sababu hujenga kwa maumbo yasiyo na mbonyeo, ila ufuo wa Likoni usijaribu, utazeeka. Huo uchonge kwa Blender, programu ya kuchonga 3D, utoe faili ya glTF, na Godot ikiona jina la meshi (umbo ulilochonga) limeishia na -col yaweka umbo la kugongana yenyewe, hapo hata plagini huhitaji.