Salzburg: Handaki la Treni au Barabara Igawanywe Upya?

Anayeutazama mji wa Salzburg, nchini Austria, kutoka kwenye ngome ya Hohensalzburg huelewa mara moja kwa nini usafiri wake ni mgumu. Mto Salzach unaupasua mji katikati, huku vilima vya Mönchsberg na Kapuzinerberg vikiubana huku na huku, na kuacha nafasi ya mitaa michache tu. Ufinyu huo ndio uliomfanya askofu mkuu aliyeutawala mji katika karne ya 18 aamuru mwamba wa Mönchsberg utobolewe, na hadi leo mabasi yanayovuta umeme kutoka kwenye nyaya za juu, ambayo mji unayo tangu mwaka 1940, hupita katika tundu hilo.

Pendekezo la S-Link, mradi wa kurefusha reli kwa kupita chini ya mji, lilizaliwa katika ufinyu huo. Treni inayotoka vijiji vya kaskazini huishia chini ya stesheni kuu, kabla ya kuufikia mji wa kale. Waliounga mkono mradi walitaka iendelee kwa handaki hadi uwanja wa Mirabell katikati ya mji, kisha hadi mji wa Hallein ulio kusini. Hoja yao ina uzito, kwani abiria anayelazimika kubadili chombo stesheni huona afadhali aje na gari lake. Isitoshe, hadi mwaka 1953 treni za namna hiyo zilikuwa zikiuvuka mji kuelekea kusini, kwa hiyo kilichoombwa ni kurudisha kilichong'olewa, ingawa safari hii kwa gharama iliyokadiriwa kupita yuro bilioni 2.

Gharama hiyo iliwatia hofu wengi, pamoja na uchimbaji wa miaka mingi katika mji ulioingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1996. Katika kura ya maoni ya tarehe 10 Novemba 2024, takriban asilimia 53 ya waliopiga kura waliukataa mradi.

Kusita kwao nakuelewa. Hata hivyo, wanaosema mabasi yaboreshwe badala ya kuchimba wamejitwika deni zito kuliko wanavyokiri, kwa sababu basi linalofuata foleni ya magari litachelewa hata likiwa jipya. Handaki lingekula fedha nyingi bila kumnyang'anya dereva chochote, ilhali njia maalumu ya mabasi ni rahisi kuichora lakini humega barabara yake, na kando ya Salzach hakuna pa kuipitisha ila hapo anapopita yeye.