Meno ya Mkwe Ziwani

Kuna mambo mawili sikuwaambia wakwe zangu siku ninaposa. La kwanza ni mshahara wangu halisi. La pili ni kwamba mimi, mtoto wa Ujiji niliyezaliwa hatua chache kutoka Ziwa Tanganyika, sijui kupiga mbizi. Kuogelea naogelea, kule kwa kupigapiga maji kama kuku aliyetumbukia pipani, ilimradi kidole gumba cha mguu kiwe kinaonja mchanga. Lakini siku ile Tabora, baba mkwe aliponiuliza kwetu tunaishije, nikajibu kifua mbele: "Baba, sisi watu wa maji. Mimi nimejua ziwa kabla sijajua kutembea."

Wazee wakacheka, soda zikafunguliwa, nikadhani yameisha. Kumbe yule mzee alikuwa gadi wa treni miaka na miaka, na gadi hasahau kitu. Atakukumbusha behewa namba ngapi lilichelewa Kaliua ukiwa wewe hujazaliwa.

Basi Agosti ya mwaka juzi wakwe wakaja Kigoma kutusalimia. Walishuka stesheni na dumu la asali, mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga za kulisha mtaa. Mzee alikuwa anatimiza miaka sabini, na shemeji yangu wa Dar, kitinda mimba wao, akapiga simu siku tatu kabla: "Shem, nataka Mzee afurahi. Tafuta yoti. Binafsi, siku nzima, sisi peke yetu. Na snokeli iwepo, avae ile miwani aone samaki. Pesa naituma sasa hivi."

Pesa ikaingia. Nikaitazama, ikanitazama.

Sasa wewe niambie, yoti nitaitoa wapi? Nilizunguka Kibirizi asubuhi nzima hadi nikampata nahodha mmoja mwenye boti ndefu ya mbao, safi kabisa, ila usiku huwa inakwenda kuvua dagaa. Akaniahidi ataiosha kwa sabuni ya unga, ataweka turubai jipya, mapazia na viti vya plastiki. "Kesho ukija," akasema, "hutaijua." Miwani ya majini na mirija akaazima kwa vijana wanaovua samaki wa mapambo. Chenji iliyobaki tusiizungumzie.

Kweli sikuijua. Ubavuni kaandika YOTI kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama za ukutani "Usikojoe hapa". Rangi yenyewe kaipaka alfajiri. Mama mkwe alipoegemea kupanda, YOTI ikahamia kwenye dera lake, ikasomeka kinyumenyume mgongoni, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Shemeji aliyefika jana yake kwa ndege aliitazama ile boti, akavuta hewa puani, akavuta tena, akaniuliza polepole: "Shem, hii yoti inanuka dagaa?" Nikamwambia ziwa lote hili linanuka dagaa, ndiyo Kigoma hiyo.

Kabla hatujatoka nyumbani mke wangu alikuwa ameshanionya. Alinyanyua bukta yangu ya bluu kwa vidole viwili akasema, "Baba watoto, hii lastiki imekufa. Ngoja niitie nyingine." Nikamjibu lastiki ya nini, nitakuwa nimevaa suruali juu, mbele ya wakwe nani anavua suruali? Maana kwetu mkwe hata goti la mkwe mwenzie halioni. Hilo ndilo shemeji hakulifikiria. Kuwapandisha boti moja baba mkwe, mama mkwe na mkwe wao, halafu uwaambie wavae nguo za kuogelea, ni sawa na kumwalika shehe kwenye kitimoto.

Safari ilianza vizuri. Mzee alikaa mbele na koti lake na kofia, filimbi ya ugadi shingoni. Akaipuliza mara moja, pyiiii, ndipo nahodha akaruhusiwa kuwasha mashine. Tulipokuwa tunaiacha bandari akatupa historia ya Liemba, na aliisimulia kama mwenye mali: meli ikaundwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikapakiwa kwenye masanduku, ikafika Dar, "na nani akaileta huku? Reli! Bila reli hiyo meli ingekuwa meza na viti." Ikaunganishwa hapahapa Kigoma, ikaingia majini 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani walipoona vita vimewaelemea wakaizamisha kwa mikono yao wenyewe, baada ya kuipaka mashine grisi nzito. Mwaka 1924 Waingereza wakaiibua, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. "Miaka minane chini ya maji," Mzee akasema akitafuna mchembe, "na bado ikapiga kazi. Grisi, mkwe. Grisi!"

Tukaizunguka Bangwe, tukatia nanga kwenye ghuba ndogo ya mawe upande wa Katonga. Maji yalikuwa meupe hivi kwamba nanga uliiona imelala chini kama ipo sebuleni. Nahodha akatoa maelezo: hapa chini ni kama mita tatu, mchanga na mawe. Lakini mnaliona lile jiwe jeusi? Nyuma yake ni mteremko, na ziwa hili katika kina chake kikubwa ni mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal kule Urusi. "Kitu kikivuka jiwe lile," akasema, "msalieni." Halafu, kama mtu aliyesahau chumvi, akaongeza: "Na mkiona nyoka wa majini msiogope. Ana sumu, ila anakula samaki, na watu hana shida nao."

Mimi neno la "hana shida" sikulisikia. Niliishia kwenye sumu.

Mzee akavua koti. Akakunja suruali. Akavalishwa boya, miwani na mrija, akashuka ngazi hadi maji ya kifua, mkono mmoja kashika ngazi. Mama mkwe anasoma dua. Mzee akainamisha uso majini.

Kwa muda tukasikia pumzi tu kwenye mrija, hoo, haa, kama treni ya makaa inapanda mlima. Wale samaki wa mawe wa Tanganyika nadhani umewahi kuwaona hata pichani: wa njano, wa bluu, wenye milia kama pajama, wengi wao hawapatikani ziwa lingine lolote duniani. Wamo hata wanaolea watoto mdomoni; hatari ikija, mama anafungua kinywa na familia nzima inaingia ndani. Nikawa nawaza maajabu hayo ndipo Mzee alipoona kitu kilichomfurahisha kupita kiasi. Akasahau yuko majini. Akapiga kelele ya furaha ndani ya mrija: "Yalaaa!"

Mrija ukatoka. Na kingine kikatoka nyuma yake.

Mzee akainua uso. Mashavu yameingia ndani, mdomo umekuwa mdogo kama wa kibuyu. Hakusema neno. Mwanangu wa miaka sita, aliyelala kifudifudi ukingoni, ndiye aliyetoa taarifa rasmi: "Babu! Meno yako yanacheka!"

Tukainama wote upande mmoja hadi boti ikalalamika. Kweli bwana. Seti nzima ya juu, imekaa juu ya mchanga mweupe, imetutazama, inacheka. Kisamaki cha njano kimeshaanza kuikagua, kinaisukuma kwa pua kuelekea kwenye jiwe jeusi. Bila shaka pale ndipo kiota chake kilipo, na hakupenda mpangaji wa aina ile.

Nahodha akaanza kuvua shati. "Nayatoa sasa hivi, Mzee wangu." Baba mkwe akainua kiganja, kile kiganja kilichosimamisha treni. Akageuka taratibu, akanitazama mimi. "Mkwe yupo," akasema. "Mtu wa maji."

Jasho likanitoka kwenye upepo. Nikajaribu kusema tukitulia pengine yatakuja yenyewe juu. Mzee akanikata: "Liemba ililala miaka minane. Wakaitoa."

Sikuwa na la kujibu. Nikageukia upande wa pili, nikavua suruali mbele ya wakwe zangu, nikabaki na ile bukta ya bluu nimeikunja kiunoni. Nikavaa miwani na boya. Mzee mwenyewe akanifunga kamba kiunoni, akanipa taratibu za reli: nikivuta mara moja, niko salama, nikivuta mara mbili, nipandishwe. Akataka kupuliza filimbi niondoke. Ikatoka "fyuu". Bila meno hata filimbi imegoma.

Nikaruka.

Mtu aliyevaa boya hazami, hilo ndilo lengo la boya. Mimi nilikuwa nainamisha kichwa, matako yanabaki juu, napiga mateke, nainuka palepale, kama bata anayetafuta kitu na hajui ni nini. Juu nasikia wananishauri wote kwa pamoja. Nikamsikia baba mkwe, sauti ya kusimamisha stesheni nzima: "Ua! Mkwe, ua! Ua!"

Ua? Niue nini? Nikageuza kichwa majini, na hapo, nyuma ya mguu wangu wa kulia, nikamwona: mweusi, mwembamba, anajinyonganyonga anakuja kiunoni kwangu.

Sitaki kueleza kwa kirefu nilichofanya. Nilimkamata kwa mikono miwili, nikamng'ata. Alikuwa na ladha ya dagaa na mafuta ya mashine. Ndiyo, ilikuwa kamba yangu mwenyewe. Na kwa kuwa katika vita vile niliivuta mara zaidi ya mbili, Mzee akafuata taratibu, nikaburutwa hadi ngazini nikiwa bado nimemng'ata nyoka.

"Nakwambia ua boya!" Mzee akafoka. Kumbe ni vua. Herufi v inahitaji meno ya juu, na meno ya juu yako chini. Akaongeza nifanye haraka, na ile f nayo ikabaki ziwani, na neno lililotoka mbele ya mama mkwe sitaliandika hapa. Mke wangu alijifunika uso kwa mtandio, mabega yanatikisika.

Nikavua boya. Nahodha akanipa jiwe la kukumbatia. Nikafumba macho, nikashuka.

Mita tatu ukiwa juu ni kidogo. Ukiwa chini, masikio yanapiga honi na moyo unahubiri. Nikafumbua macho, nikayaona meno, yamebakiza shubiri moja kufika kwenye jiwe. Nikaachia jiwe langu, nikayanyakua, kisamaki kikanidonoa kidole kwa hasira ya haki, nikavuta kamba mara mbili kwa nguvu zote nilizoachiwa na Mungu.

Mzee akavuta. Mzee wa miaka sabini, lakini alivuta kama anazuia behewa. Mimi nikapanda. Kamba ikapanda hadi kwapani. Bukta, kwa kukosa lastiki na kujaa maji, ikaamua kutopanda.

Nilichomoka juu ya maji nimeinua mkono, meno yanang'aa juani, nikapiga kelele: "Nimeyapataaa!" Boti nzima ikapiga makofi. Nikashika ngazi, nikapanda kidato cha kwanza, cha pili, cha tatu. Makofi yakapungua. Yakaisha. Upepo ukanipiga mahali ambapo upepo haunipigi nikiwa na wageni.

Sasa hesabu mikono yangu. Mmoja umeshika ngazi. Mwingine umeshika meno ya baba mkwe. Na meno ya baba mkwe huwezi, kwa adabu yoyote inayojulikana, kujifunikia nayo. Nikaachia ngazi. Nikarudi majini chali, ule mkono wa meno ukabaki juu peke yake kama bendera.

Mwanangu: "Mama, baba hana..."

"Kimya!"

Mama mkwe, Mungu amweke, alikuwa ameshageuka zamani anaangalia milima ya Kongo. Siku hiyo ukungu na moshi wa kiangazi ulikuwa mzito, Kongo haionekani hata kidogo. Lakini aliitazama. Aliitazama Kongo kwa robo saa nzima, na bila kugeuka akafungua kanga yake ya kichwani, akainyoosha nyuma ya mgongo, chini tu ya lile neno YOTI la kinyumenyume. Nikaipokea. Imeandikwa *Mgeni njoo, mwenyeji apone*.

Meno yakasuuzwa kwa chai ya rangi, yakarudishwa kazini. Mzee akapuliza filimbi, pyiiii, akaomba mgebuka wa kuchoma, akala wawili. Kuhusu bukta hakuna aliyetamka neno. Ilionekana kwa mbali chini ya maji, ya bluu, inavuka jiwe jeusi polepole, na kile kisamaki kinaisindikiza.

Tulirudi jioni Kibirizi watu wamejaa mwaloni wakiandaa taa za usiku. Nikashuka kwenye yoti yangu nimevaa kanga ya mama mkwe, kwa sababu suruali yangu shemeji alikuwa ameikalia rangi ikiwa mbichi.

Wakwe waliondoka na treni ya wiki ile. Mzee alinishika mkono pale stesheni akasema tu, "Asante, mkwe," na meno yote yalikuwepo. Mwezi mmoja baadaye ukaja mzigo kutoka Tabora. Asali, michembe, karanga. Chini kabisa, ndani ya bahasha iliyofungwa vizuri, bila barua, mita mbili za lastiki.