Mashine Inamjua Mwenyewe

Nyumba ya wageni ninapofanya kazi, hapa Shangani, Mtwara, ina bustani ambayo aliyeipanda nyasi hakumfikiria atakayezikata. Bosi, ambaye anakaa Dar, aliichoka bili ya vibarua wa mafyekeo akanunua mashine ya kukatia nyasi, ile ya kukalia, yenye kiti na usukani. Mtumba. Ikaletwa na lori lililokuwa linakuja Mtwara tupu kuchukua saruji.

Dereva wake wa kwanza alikuwa Kibonge. Jina lake la kwenye kitambulisho sikuwahi kulisikia, wala halikuhitajika. Alipokaa kwenye kile kiti springi zililia, mpaka siku moja akachukua spana akazikaza mwenyewe kiti kisigonge chini. Masika yalipokaribia kuisha akahamia Masasi kwa wakwe zake, mimi nikarithi usukani. Mimi nina kilo 52, na hapo nimeshakula.

Mvua za mwaka ule ziligoma kukatika, nyasi zikafika magotini, na Jumamosi kulikuwa na harusi bustanini. Nikawasha. Ikawaka vizuri tu, ikanguruma pale ilipoegeshwa. Nikaachia breki, nikaingiza visu, nikaondoka. Sijafika hata kwenye mwembe, ikaanza kumisi. Kh, kh, kh. Halafu pa! kwenye ekzosi. Wazee waliokuwa wanacheza bao kibarazani kwa jirani walilala chini wote, na mmoja alipoinuka kete za mwenzake zilikuwa zimepungua. Ugomvi ule sijui uliishaje.

Sasa, kumpata fundi wa injini ndogo Mtwara majira yale ni shughuli. Msimu wa kupulizia mikorosho salfa unapoanza, kila mwenye shamba anakumbuka kwamba mashine yake ya kupulizia haikuwaka vizuri tangu mwaka jana, na wote wanakwenda kwa mafundi walewale. Niliyempata Chikongola alikuja juu ya bodaboda, kitambi mbele, mfuko wa spana mgongoni, kucha zote za njano kwa salfa.

"Njomba," akaniambia hata hajashuka vizuri, "hii kabureta."

Tusimwonee, hakuwa anapiga ramli. Petroli ilikuwa imelala kwenye tenki tangu Kibonge alipoaga, na petroli ikilala miezi inaharibika, inaacha utando wa gundi unaoziba vitundu vya kabureta. Akaimimina kwenye chupa ya maji ya kunywa akaiinua juani: maji kidogo yalikuwa yamejitenga chini, petroli juu, rangi ya mkojo wa mgonjwa. Kisha akaifungua kabureta, akakitoa kile kishaba chembamba chenye kitundu katikati, akachuna uzi mmoja wa waya wa redio akaupitisha taratibu huku ulimi umetoka nje. Akapuliza. Petroli ikamrukia kwenye masharubu. Akakisogeza jichoni kwangu: "Unaona nuru?" Nikaona nukta ya mwanga, ndogo kuliko chawa.

Hakuishia hapo. Chujio la hewa alilikung'uta kwenye goti, likatoa majani makavu na kijiji kizima cha sisimizi. Plagi ilikuwa nyeusi tii, akaisugua kwa msasa. Hata kifuniko cha tenki alikizibua kwa sindano, akanieleza kwamba kile kitundu kikiziba tenki halipati hewa, mafuta yanakataa kushuka, na injini inazima baada ya muda kama imekata tamaa. Nilimsikiliza kwa heshima zote. Mtu akifanya kazi yake vizuri unamjua hata kama masharubu yake yananuka petroli.

Akaiwasha imeegeshwa. Safi. Akapanda mwenyewe, akaingiza visu, akakata mstari mzima kutoka jikoni hadi ukuta wa upande wa bahari. Safi kabisa. Akashuka, akanawa mikono, akataja hela yake. Mimi nikapanda.

Pa!

"Unaishikaje?" akaniuliza kwa ukali.

"Nashika usukani, fundi. Kuna kingine cha kushika?"

Akapanda yeye, ikatulia. Nikapanda mimi, kh kh kh, pa! Kila akipanda yeye mashine inaimba, kila nikipanda mimi inakohoa. Kijana wa kuosha vyombo akatoka jikoni na sufuria mkononi, akatoa hukumu: mashine inamjua mwenyewe, na Kibonge hakuaga vizuri. Mama wa jikoni, mtu wa msikitini kabisa, naye akasema hakuna ubaya apigiwe simu aiachie kwa maneno yake. Tukapiga. Kibonge aliposikia mashine inakataa watu sauti ilimbadilika.

"Imenikumbuka?" akauliza. "Hebu niwekeeni simu karibu na injini."

Tukaiweka. Sijui aliiambia nini.

Hapo katikati mafuta yalikata. Fundi, kwa moyo safi, akamimina petroli ya galoni lake mwenyewe, ile anayoendea nayo mashambani. Sasa zile mashine za kupulizia hazina oili ya peke yake, oili yake inachanganywa humohumo kwenye petroli. Mashine yetu ina oili yake chini kwenye injini. Kwa hiyo ikanywa oili isiyo yake, na ule moshi wa buluu ulioikumba baraza sijawahi kuuona hata kwenye kuchoma mabibo makavu. Jirani akafunga madirisha akidhani manispaa inapuliza mbu. Mgeni mmoja wa kizungu, aliyekuwa amerudi kutembea Mikindani, akanijia akiwa anapiga chafya, akaniambia kwamba Livingstone alipoondoka Mikindani mwaka 1866 alikuwa na ngamia, nyati, nyumbu na punda, na wengi walimfia njiani. Nadhani alikuwa ananifariji.

Tukamwaga petroli ile, tukatuma nyingine. Bodaboda aliyeileta alikuwa amebeba pia mchele wa pilau ya harusi, kiroba cha kilo 25, akautupa getini akaondoka zake. Kutoka getini hadi jikoni ni mbali na jua lilikuwa kali. Nikakipakata kiroba mapajani, nikaondoka na mashine, visu vinazunguka.

Ikaenda. Haikumisi, haikukohoa, ikapita juu ya mizizi ya mwembe imenyamaza kama mkwe. Fundi aliyekuwa anakunywa maji akaishusha kopo taratibu.

"Njomba, simama hapo hapo. Tua nchele."

Nikautua. Nikaondoka. Pa!

"Pakia nchele."

Safi.

Akaja amekunja uso, akaninyanyua kwenye kiti kwa mkono mmoja, akakiinua kiti. Chini yake kulikuwa na swichi ndogo nyeusi yenye nyaya mbili. Kazi yake ni kuhakikisha kuna mtu amekaa. Breki ikiwa imeachiwa au visu vinazunguka, na kiti hakina mtu, inaukata moto wa plagi injini izime, ili ukianguka visu visikufuate. Ndiyo maana ikiegeshwa ilikuwa inanguruma hata bila mtu. Na kwa zile springi za Kibonge, kilo zangu 52 zilikuwa zinaigusa ile swichi kwa kuibembeleza. Kila nikirushwa na kichuguu moto unakatika, petroli inapita mbichi hadi ekzosi ya moto, moto ukirudi inalipuka.

Fundi alitaka kuziunganisha zile nyaya yaishe. Nikakataa, mimi vidole vyangu bado navihitaji. Dawa ilikuwa kuzilegeza springi, lakini chumvi ya bahari ilikuwa imezishika nati mpaka spana inateleza. Akazimwagia oili, akasema zilale nayo, atarudi asubuhi. Hela yake akachukua yote, na mimi sikuwa na la kubisha, maana kabureta nayo ilikuwa chafu kweli.

Asubuhi ndiyo hiyo Jumamosi yenyewe, na fundi simu haishiki, yuko mikoroshoni. Nikakipakata kiroba changu nikaanza kukata. Nyasi zinalala vizuri, mashine imetulia, mchele umenipasha mapaja joto. Nilikuwa nimebakiza upande wa ukumbi tu, turubai limeshafungwa na matarumbeta yameanza kusikika barabarani, nilipomwona mama wa jikoni amesimama katikati ya njia yangu, upawa mkononi, nyuma yake moto unawaka chini ya sufuria tupu.

"Mwanangu," akaniambia, "hao watu wa harusi watakula nyasi?"