Kubomoa Daraja: Baruti au Kipande kwa Kipande?

Kaskazini mwa jiji la New York, kwenye Mto Hudson, daraja moja la chuma lilibomolewa kwa njia mbili. Daraja la zamani la Tappan Zee, lililofunguliwa Desemba 1955, lilikuwa na sehemu kuu ya mita 369 kati ya nguzo mbili kubwa, na kila upande sehemu ya kuishikilia yenye urefu wa mita 205 hivi. Januari 15, 2019 sehemu ya mashariki iliangushwa mtoni kwa baruti. Mei mwaka huohuo, ile ya magharibi ilishushwa taratibu kwa jeki hadi juu ya tishari, ikaondolewa ikiwa nzima. Vipimo vilikuwa vilevile na mto uleule, kwa hiyo anayetaka kupima njia hizi mbili hana haja ya kulinganisha madaraja yasiyofanana.

Wanaotetea baruti huanzia kwenye muda, na hapo wana haki. Kazi ya kukata kipande kwa kipande huchukua miezi, na siku zote hizo kuna watu juu, wamejifunga mikanda ya usalama, wakikata kwa gesi. Madaraja ya zama zile mara nyingi yalipakwa rangi yenye madini ya risasi. Moto ukiigusa, hutoa mvuke wa sumu unaoingia mapafuni na hatimaye kwenye damu. Hivyo rangi hukwanguliwa kwanza, angalau sentimita 10 kila upande wa mstari wa kukata, na mkataji huvaa barakoa ya kuchuja mvuke huo. Zidisha usumbufu huo kwa maelfu ya mikato, kila mmoja na hatari yake ya kuanguka, kuungua au kupigwa na chuma kinachofyatuka. Mlipuko hudumu sekunde chache, na dakika hiyo hakuna mtu hata mmoja darajani.

Kinachosahaulika ni wiki zinazotangulia sekunde hizo. Baruti ya kukatia chuma huwekwa ndani ya ala ya shaba yenye umbo la V. Ikilipuka, shaba hugeuka mkondo mwembamba wenye kasi kubwa unaopenya bamba. Uwezo wake una kikomo. Mhimili wa zamani uliounganishwa kwa ribiti (pini nene za chuma zinazogongwa ncha), wenye mabamba matatu au manne yaliyolaliana, lazima ukatwe kwanza kwa gesi sehemu fulani ili baruti iumalizie. Maana yake ni kwamba daraja linadhoofishwa kwa makusudi wakati watu bado wako juu yake. Mhandisi anapaswa kukokotoa nguvu iliyobaki baada ya kila mkato wa awali, na kuiongezea upepo. Kazi ya kufunga baruti husimama radi ikikaribia. Na iwapo baadhi ya baruti itagoma, kinachobaki ni chuma kilichokatika nusu, kinachoning'inia kwa nguvu isiyojulikana, chenye baruti hai ndani yake. Katika kazi hii sijui hali mbaya kuliko hiyo.

Halafu kuna usafi. Kwenye Hudson, minyororo ilitandazwa kwenye sakafu ya mto kabla ya mlipuko, ili chuma kikishaanguka papatikane pa kukishika na kukinyanyua. Hatari haikuisha kwa mlipuko. Sehemu yake ilihamia majini.

Njia ya kipande kwa kipande ina sifa moja kubwa: unaweza kusimama. Ukiona kisichotarajiwa saa nne asubuhi, unaondoa watu na kurudi kwenye hesabu. Ila sifa hiyo ni ya kweli pale tu kila hatua ilipopigiwa hesabu yake, kwa sababu daraja lililobomolewa nusu si daraja lile lililochorwa. Katika madaraja ya aina ya Tappan Zee, mikono miwili hutoka nguzo kuu kuelekea katikati, na uzito wake husawazishwa na sehemu za kushikilia zilizo nyuma. Mihimili ya juu karibu na nguzo kuu huvutwa maisha yake yote. Ukiondoa sehemu ya katikati na mikono yake, sehemu ya nyuma inabaki ikilala juu ya nguzo mbili kama boriti ya kawaida: mihimili ya juu iliyokuwa ikivutwa sasa inabanwa. Chuma chembamba kilichosanifiwa kuvutwa hakihimili kubanwa. Hupinda ghafla, bila kuonya.

Septemba 2018, baada ya sehemu ya katikati kuondolewa, wafanyakazi kwenye sehemu ya mashariki walisikia mlio mkubwa. Kiungo kimoja kilikuwa kimehama mahali pake. Watu waliondolewa, na kufunguliwa kwa njia ya pili ya daraja jipya, lililo jirani kabisa, kukaahirishwa kwa siku kadhaa. Ikaamuliwa kwamba kuendelea kukata pale si salama. Baruti ya Januari, basi, ilikuwa njia ya kuokoa kazi ambayo imeshaharibika, na nadhani ndivyo inavyopaswa kusomwa. Haithibitishi kwamba baruti ni bora tangu mwanzo. Inaonyesha kwamba mtu asipoweza tena kuamini hesabu za chuma kilicho mbele yake, jambo la kwanza ni kupunguza saa za watu juu yake.

Kuna mahali pia ambapo baruti ni uamuzi wa kwanza na wa busara. Daraja la Rahmede nchini Ujerumani, mita 453, lilifungwa Desemba 2021 kwa sababu ya uharibifu, likalipuliwa Mei 7, 2023 na kuangukia kwenye bonde lililoandaliwa, huku makontena yakipangwa kama ukuta kulinda majengo ya karibu. Na kule San Francisco, kwenye sehemu ya zamani ya mashariki ya Bay Bridge, njia zote mbili zilitumika: chuma kilifunguliwa kwa mpangilio wa kinyume cha ujenzi, kisha nguzo ya zege iliyo ndani ya maji ikalipuliwa Novemba 2015, ikizungushiwa pazia la mapovu ya hewa kupunguza mshindo kwa samaki. Mgawanyo huo naukubali sana.

Ukiamua kukata, angalia mkato wa mwisho. Kreni hushika kipande kabla hakijaachia, na kipimo cha uzito kwenye ndoano husomwa. Ikivuta kidogo mno, kipande kikikatika huanguka sentimita chache na kuipiga kreni kwa mshtuko. Ikivuta kupita kiasi, kipande huruka juu na kumfuata mkataji. Mchoro ukisema tani 40 na kipimo kikisoma 46 wakati mhimili mmoja bado umeshikilia, kazi isimame. Labda kuna mabamba ya ukarabati yasiyochorwa, labda kipande bado kinabeba mzigo wa jirani yake.

Madaraja madogo ya barabara ndiyo yanayonipa wasiwasi zaidi, kwa kuwa huonekana hayahitaji hesabu. Eksikaveta ya tani 30 hupanda juu na kupasua sakafu. Kifusi kinarundikana, na kila mita ya ujazo ya zege ina uzito wa tani 2.4 hivi. Sakafu hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikizuia mihimili ya chuma isipinde kando. Ikiondoka bila viunga vya muda, mhimili mrefu unaweza kulala ubavu kwa uzito ambao jana uliubeba bila shida. Oktoba 16, 2024, huko Simpson County, Mississippi, daraja la Strong River liliporomoka wakati likibomolewa, na wafanyakazi watatu walikufa.

Kanuni za Marekani zinadai uchunguzi wa kihandisi ufanywe kabla ya kubomoa, na ushahidi wake uwe wa maandishi. Ni kiwango cha chini. Mimi ningedai pia mkataba utaje nani ana mamlaka ya kusimamisha kazi, na umlipe mkandarasi siku za kusimama pale kipimo kinapotoka nje ya kiwango kilichoandikwa. Msimamizi anayejua kwamba kila saa ya kusubiri inakatwa kwenye faida ya kampuni yake atapata sababu ya kuuamini mchoro kuliko ndoano.