Ubongo Wangu Hauniulizi Kitu

Jamani, mimi na huu ubongo wangu tumefika pabaya. Usiku nimeshajilaza, bosi anatuma ujumbe: "Kesho uje ofisini kwangu." Basi. Salamu hakuna, sababu hakuna. Moyo unanienda mbio na mwenyewe nimelala chali!

Mchochezi ni haipothalamasi, huko chini ya ubongo. Badala ya kuuliza kwanza kama ni simba au ni bosi, anamwaga homoni yake, CRH. Inaipata tezi ya pituitari, kijitu cha gramu 0.5 hivi, nacho bila swali kinaachia homoni nyingine, ACTH, kwenye damu. Tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo, zikiipata tu zinafungulia kotisoli, homoni ya msongo. Sukari inapanda kwenye damu, misuli ipate nguvu za kukimbia. Nikimbilie wapi? Nimejifunika shuka!

Haki yake nimpe: breki zipo. Kotisoli ikipanda inarudi hukohuko kichwani, haipothalamasi na pituitari wakaisikia, wakafunga bomba. Hipokampasi, mtunza kumbukumbu, naye husaidia kusema "inatosha." Simba akienda zake, yamekwisha. Ila bosi haendi. Deni nalo haliendi, wala jirani wa juu anayeburuta viti saa nane za usiku (anahama kila siku, au?). Mambo yakiwa hivyo miezi na miezi, vipokezi vya kotisoli, yaani masikio ya seli, vinaanza kuwa viziwi. Matawi ya seli za hipokampasi yananywea, huku amigdala, mpiga ukunga wa hofu, matawi yake yanachipua. Yaani anayesema "tulieni" anakonda, anayepiga kelele ananawiri! Ofisi gani huendeshwa hivyo? Msinijibu, naijua moja.

Mwaka 1936, mtafiti wa msongo Hans Selye wa Montreal, Kanada, aliandika habari za panya aliowatesa kwa baridi, kwa majeraha, kwa sumu. Kila mara yaleyale: adrenali zimevimba, tezi ya thaimasi, ile ya kinga ya mwili, imesinyaa, tumbo lina vidonda. Na hao hata bosi hawakuwa naye.

Mimi usingizi umenihama, kitambi kimehamia, mafua hayakauki. Nikaenda kwa daktari. "Punguza mawazo," ananiambia, kana kwamba ninalo bomba lake mkononi. Halafu akachukua damu, akasema majibu yakitoka atanipigia.

Atanipigia! Lini? Kwa nini asinitumie ujumbe tu? Ana nini cha kusema kwa mdomo? Adrenali hizo, zimeshaamka.