Alienòr: jina lililotungwa kwa malkia mmoja?

Geoffroy wa Vigeois, mtawa wa Limousin, jimbo la Ufaransa, aliyeandika kitabu chake cha historia miaka ya 1180, anadai kwamba jina la malkia Alienòr (kwa Kiingereza Eleanor) wa Aquitaine, kusini magharibi mwa Ufaransa, lilitungwa kwa ajili yake. Mama yake aliitwa Aénor, binti akaitwa kwa Kilatini "alia Aenor", Aenor mwingine, kama nyumba yenye Asha Mkubwa na Asha Mdogo.

Shahidi huyu si wa kupuuzwa. Aliishi zama moja na malkia, aliyefariki 1204, na Limousin ilikuwa chini ya watawala wa Aquitaine. Lakini maelezo yenyewe yamekaa sawa mno, na watawa wa enzi hizo walipenda kufumbua majina hata pasipo na fumbo. Wanaopinga humtaja Éléonore wa Normandie, shangazi wa William Mshindi, mfalme aliyeiteka Uingereza mwaka 1066; shangazi huyo aliishi karne moja kabla. Hoja hiyo ingemaliza ubishi, ila huenda jina lake limetufikia kupitia kalamu za watu waliokuja baadaye, jina lilipokwisha kuvuma. Wapo pia wanaolivuta hadi Kiarabu, kwenye "nuru". Msomaji wa Kiswahili atavutiwa haraka, lakini ushahidi wake ni sauti kufanana tu.

Je, ni jina la Kioksitani, lugha ya kusini mwa Ufaransa? Poitiers, makao ya ukoo wake, ilizungumza lahaja za kaskazini. Hata hivyo babu yake, Guilhem IX, alitunga mashairi kwa Kioksitani, naye ndiye mtrubaduri, yaani mshairi wa Kioksitani wa zama hizo, wa kwanza ambaye kazi zake zimebaki. Bordeaux, alikoolewa na Louis VII wa Ufaransa mwaka 1137, ni ya kusini kabisa. Kwangu mimi Waoksitani wana haki ya kulidai, mradi wasijifanye wamiliki pekee.

Kuhusu asili, naegemea kwa Geoffroy, kwa shingo upande. Kuhusu kuenea, sina shaka: jina lilisafiri kwa ndoa za mabinti. Alienòr alipoachana na Louis mwaka 1152 aliolewa na Henry, aliyekuja kuwa mfalme wa Uingereza miaka miwili baadaye. Binti yao, aliyepewa jina la mama, aliolewa na Alfonso VIII, mfalme wa Castilla katika Hispania ya leo, na huko likawa Leonor. Kilembwe wa malkia, Eleanor wa Castilla, akalirudisha Uingereza alipoolewa na Edward, mrithi wa kiti cha ufalme huo, mwaka 1254, akamkuta mama mkwe, Eleanor wa Provence, naye mtoto wa nchi ya Kioksitani, ameshalitangulia. Eleanor wa Castilla alipofariki 1290, Edward alimjengea misalaba 12 kwenye njia ya jeneza lake hadi London.

Leonor aliyezaliwa 2005 ndiye mrithi wa kiti cha ufalme wa Hispania. Huko Gascogne, kusini magharibi mwa Ufaransa, kampuni inayoendesha barabara kuu ya A65, kutoka Langon hadi Pau, inaitwa A'liénor. Madereva wanalilipia ushuru.